Heri Kibovu cha Moyo Kuliko Kizuri cha Kuiga

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini, ndugu msomaji, kuna kibaya kimoja ambacho siku hizi chajiuza kuliko hata hicho kizuri. Nacho ni filamu mbovu. Sisemi filamu ya kuchosha, la hasha! Nasema ile ambayo mwenyewe aliikusudia ikutishe hadi ulale taa ikiwaka, badala yake wewe ukashika mbavu na kucheka mpaka machozi yakakutoka.

Kabla mwalimu wa zamu hajaniuliza nina wakati gani wa kutazama sinema ilhali hesabu zangu ziko mahututi, nijitetee. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Wenzetu wa shule za bweni huonyeshwa filamu Jumamosi usiku bwaloni. Sisi huzipata kwa kinyozi, kwenye matatu, au kwa jirani mwenye televisheni na moyo wa ukarimu. Tena nina mjomba aliyewahi kuendesha kibanda cha video, na hadi leo ana sanduku zima la kanda na diski ambazo hazikupata mnunuzi. Zile ambazo mtu wa umri wangu anaruhusiwa nimezitazama likizoni. Zile za watu wazima mjomba alizificha, nami nikaridhika kusoma habari zake.

Katika sanduku hilo nimepata msimamo, na ndio ninaouleta mbele yenu: filamu mbovu iliyotengenezwa kwa moyo ina thamani kuliko filamu ya fahari iliyonakiliwa bila sababu. Msimamo huu unatuhusu sisi hapa shuleni, kwa maana chama chetu cha drama kiko njia panda muhula huu, kama nitakavyoeleza.

Hebu tuanze na baba yao. Mwaka wa 1956 kule Hollywood, Marekani, alikuwako bwana mmoja aitwaye Ed Wood. Mfuko wake ulikuwa mtupu, ila kichwa kilijaa hadithi. Pesa za filamu yake zilitoka kwa waumini wa kanisa moja la Kibaptisti, nao wakataka kwanza baadhi ya waigizaji wabatizwe. Wakabatizwa! Filamu hiyo, Plan 9 from Outer Space, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1957. Kisa chenyewe ni hiki: viumbe kutoka sayari za mbali wanahofia kwamba binadamu wataunda bomu la kuangamiza ulimwengu wote, kwa hivyo wanaamua kufufua wafu wawatishe. Wafu wangapi? Watatu. Jeshi la watu watatu, jamani! Hata kamati yetu ya usafi ina watu zaidi.

Makosa ya filamu hiyo hayahesabiki. Mawe ya makaburi yanatikisika mtu akipita, yaani ni mepesi kama daftari. Gari la polisi linaondoka mchana, likifika makaburini ni usiku, na kamera ikigeuka kidogo ni mchana tena. Visahani vya angani vinaning'inia kwa nyuzi. Chumba cha rubani wa ndege kimetengwa kwa pazia kama la bafuni. Lakini kioja cha vioja ni cha Bela Lugosi, mwigizaji mashuhuri aliyeigiza Dracula katika filamu ya 1931. Yeye alifariki Agosti 1956, kabla filamu hii haijaanza kupigwa. Wood alikuwa na vipande vichache tu alivyompiga akiwa hai. Afanyeje? Akamchukua tabibu wa viungo aliyekuwa akimtibu mkewe, mtu mrefu kuliko marehemu na asiyefanana naye hata kwa kubahatisha, akamwambia ajifunike uso kwa joho kila anapotokea. Basi marehemu anazunguka filamu nzima amefunika pua kama mtu aliyepita karibu na jaa la taka!

Mwaka wa 1980 ndugu wawili Wamarekani, Harry na Michael Medved, walitoa kitabu cha tuzo za mzaha, wakaitangaza filamu hiyo kuwa mbaya kuliko zote, na Wood kuwa mwelekezi mbaya kuliko wote. Mwenyewe hakuyasikia. Alikuwa ameaga dunia Desemba 1978, fukara hohehahe, akiwa na umri wa miaka 54. Na hapa ndipo mambo yanapogeuka. Watu waliokwenda kuitazama ili wacheke, walicheka kweli, kisha wakaipenda. Mwaka wa 1994 mwelekezi Tim Burton akatengeneza filamu nzuri sana kuhusu maisha ya huyo huyo Wood, na Martin Landau, aliyeigiza kama Lugosi, akatunukiwa Oscar.

Kwa nini watu waliipenda? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu ukiitazama unamwona mtu ndani yake. Wood alikuwa na neno la kusema. Miaka ile dunia nzima ilikuwa ikiogopa bomu la nyuklia, naye aliogopa vivyo hivyo, akataka kupiga kelele. Sauti yake ilikuwa mbovu lakini ilikuwa yake.

Mfano wa pili utawafaa hasa wanachama wa Chama cha Kiswahili. Mwaka wa 1990 ilitoka filamu iitwayo Troll 2. Jina hilo ni la zimwi fulani la hadithi za Ulaya, lakini ndani ya filamu hiyo hakuna zimwi hilo hata mmoja! Kuna vijitu vingine vya ajabu visivyokula nyama, ambavyo humgeuza binadamu kuwa mmea kisha vikamla kama sukuma wiki. Mwelekezi wake alikuwa Mwitaliano, Claudio Fragasso, na mkewe ndiye aliyeshiriki kuandika hadithi. Waliipiga Marekani, katika jimbo la Utah, wakatumia waigizaji wasio na uzoefu. Aliyeigiza kama baba alikuwa daktari wa meno. Sasa sikiliza: mswada uliandikwa kwa Kiingereza na watu ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao. Waigizaji, ambao ni lugha yao ya kuzaliwa, wakaomba warekebishe maneno yasikike kama ya binadamu. Mwelekezi akakataa katakata, ati kila neno lisemwe lilivyoandikwa. Matokeo yake watu wanaongea kama redio iliyoangukiwa na maji.

Nilipoitazama nilikumbuka Kiswahili chetu cha hapa shuleni. Si tunamwambia mgeni "chukua kiti" tukidhani tumemkaribisha? Mgeni huyo akitoka Lamu, akakibeba kiti akaenda nacho kwao, nani wa kulaumiwa? Kutafsiri neno kwa neno kutoka lugha nyingine ni kuandika Troll 2. Hata hivyo, yule mtoto aliyeigiza kama kijana mkuu, Michael Stephenson, hakujificha kwa aibu alipokua. Mwaka wa 2009 alitengeneza filamu ya ukweli kuhusu jinsi walivyofanya filamu hiyo mbovu na jinsi watu wanavyojaa kumbini kuishangilia. Aibu ya utotoni akaigeuza kuwa kazi ya heshima. Huo ndio ungwana.

Fauka ya hayo, kicheko cha namna hii hakinunuliwi. Wapo waliojaribu. Mwaka wa 2013 ilitoka Sharknado, ambamo kimbunga kinawazoa papa baharini na kuwamwaga mjini. Waliifanya mbovu kwa makusudi ili tucheke, na watu walicheka. Lakini mimi nilipofika katikati nilianza kupiga miayo. Mtu anayeteleza kwenye matope huchekesha kwa sababu alikuwa ameshika njia yake kwa heshima zake. Anayejiangusha ili achekwe, tukishamcheka mara moja, ya pili twamwonea haya.

Sasa tuje kwa hao wengine, filamu za fahari zilizorudiwa. Hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Mwaka wa 1960 Alfred Hitchcock alitengeneza Psycho. Hakutumia pesa nyingi kwa kipimo cha Hollywood, kama dola 800,000 hivi. Aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, akitumia mafundi wengi wa kipindi chake cha televisheni, na ile damu ya bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti. Aliwakataza wenye kumbi kumruhusu mtu aingie filamu ikiwa imeanza. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke unayedhani ndiye mhusika mkuu anauawa hata nusu ya filamu haijafika, na mtazamaji anaachwa hana wa kumshika mkono. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Mwaka wa 1998 Gus Van Sant akairudia filamu ile ile, mswada ule ule, muziki ule ule, na karibu kila picha mahali pake, ila sasa kwa rangi na kwa waigizaji wengine. Wapo wanaomtetea kuwa alikuwa akifanya jaribio. Sawa, nakubali, tena tumshukuru, kwa maana jaribio lilitoa jibu: maneno yalikuwepo, picha zilikuwepo, hofu haikuwepo. Sisi Waswahili hatukuhitaji jaribio hilo. Kitendawili kikishateguliwa, huwezi kuwategea tena watu wale wale ukatazamia washangae.

Vivyo hivyo The Haunting. Ile ya 1963, ya Robert Wise, inahusu nyumba yenye mambo, na mtazamaji haonyeshwi jini wala shetani. Anasikia mlango ukigongwa, anauona mlango ukivimba kama unaovuta pumzi, basi. Ilirudiwa mwaka wa 1999 kwa mamilioni ya dola, kompyuta zikachora kila kitu: sanamu zinageuza vichwa, kitanda kinakamata mtu, na mzuka mwenyewe anatokea mzima mzima kama mgombea kiti kwenye mkutano wa hadhara. Nani ataogopa hapo? Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wewe ukishalijua zimwi, nalo halikutishi likakutisha. Nyanya yangu anajua siri hii bila kompyuta. Stima zikipotea jioni akaanza ngano ya zimwi, hatuelezi hata siku moja lina meno mangapi. Anasema tu kwamba liliitika kwa sauti ya mama wa yule mtoto. Hakuna anayethubutu kwenda msalani peke yake usiku huo!

Mfano wa tatu unachanganya pande zote mbili. The Wicker Man ya mwaka wa 1973 inasimulia polisi Mkristo mwenye imani thabiti anayekwenda kisiwa kimoja cha Scotland kumtafuta msichana aliyepotea. Anakuta watu wote wa huko wanafuata miungu ya kale. Hofu inatokana na imani mbili, kila moja ikiamini kweli kweli, na hakuna itakayorudi nyuma. Sisi Wakenya hadithi hiyo tunaielewa hata kuliko walioitunga. Ni nyumba ngapi hapa kwetu ambamo babu anataka kumwaga pombe kwa ajili ya waliotangulia, na mama anataka kukemea kwa maombi, kwenye mazishi hayo hayo? Mwaka wa 2006 ilirudiwa Marekani, naye Nicolas Cage akiwa polisi. Mgogoro wa imani wakauondoa. Badala yake wakaweka nyuki na wanawake wanaotawala kisiwa. Basi Cage anakimbia kichakani amevaa vazi la dubu, anampiga mwanamke ngumi akiwa ndani ya manyoya hayo, na katika toleo lililouzwa kwa diski anamwagiwa nyuki usoni akipiga mayowe ambayo watu wa dunia nzima wameyageuza kuwa mzaha. Waliutoa moyo wa hadithi, halafu wakashangaa kuona maiti haitembei.

Ili nisionekane mwenye chuki, nikiri kwamba si kila kilichorudiwa ni kibaya. The Fly ya 1958 ilikuwa ya mwanasayansi anayetoka katika mtambo wake akiwa na kichwa cha nzi, papo hapo. David Cronenberg aliirudia mwaka wa 1986, akabadilisha jambo moja kubwa: mtu wake habadiliki mara moja bali polepole, siku baada ya siku, kama mgonjwa anayejiona akiisha mbele ya mpenzi wake. Kumbe yeye alikuwa na swali jipya la kuuliza. Mwenye swali jipya na arudie hata mara kumi. Asiye na swali na atuache.

Najua kuna mwalimu atakayesema, "Kwani unatufunza kusifu ubovu? Mwanafunzi akiniletea insha mbovu aliyoiandika kwa moyo, nimpe alama zote?" La, mwalimu. Ed Wood alistahili sifuri na akaipata. Ninachosema ni kwamba anayejaribu akikosea, kuna mahali pa kuweka kalamu nyekundu ukamwonyesha njia. Aliyenakili hana kosa la kusahihishwa kwa sababu hana chake hapo. Tazama insha zetu. Nusu ya darasa wanaamka alfajiri moja, jogoo mmoja anawika, jua lile lile linachomoza kwa haiba ile ile, tena hata kama insha ni ya ajali ya usiku! Tumekariri utangulizi kutoka vitabuni na tunaubandika popote. Hizo ndizo Psycho za 1998 zetu. Mwalimu anazisoma arobaini kwa mkupuo mmoja, masikini, na hakuna hata moja inayomshtua.

Sasa nifikie kiini. Wanachama wa drama wanajua kuwa muhula huu tunajadili kupeleka filamu fupi kwenye Tamasha za Drama na Filamu, tukianzia ngazi ya chini kama kawaida. Upande mmoja unataka tuchukue mchezo uliowahi kushinda zamani, ulioigizwa na shule yenye uwezo, tuurudie ulivyo kwa sababu "hiyo imeshapita, haiwezi kuanguka." Upande wa pili, ambao ni mdogo, na mimi nimo, unataka tutunge yetu. Hoja ya kwanza tunayoambiwa ni kwamba hatuna vifaa. Nayo ni kweli, hatuna. Shule ile ilikuwa na taa, mavazi na basi. Tukiwaiga bila hivyo, tutakuwa yule tabibu mrefu mwenye joho usoni. Kuna methali ya kumwiga tembo ambayo mwalimu hataki tuimalizie darasani, basi siimalizii.

Lakini kukosa vifaa si kukosa filamu. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha. Katika mtaa wa mabanda wa Wakaliga, jijini Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010 kwa pesa ambazo inasemekana hazikufika dola 200. Bunduki ni za vyuma chakavu, helikopta ni za kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na juu ya yote kuna sauti ya mtangazaji anayefanya mzaha filamu ikiendelea, kama vile DJ Afro anavyotutafsiria filamu za ngumi hapa Kenya. Ni mbovu? Ndiyo, ukiipima kwa rula ya Hollywood. Lakini watu wa mabara mengine wameitazama na kuipenda, na vijana wa mtaa ule wakajulikana kwa kazi ya mikono yao. Wangeiga filamu ya Marekani neno kwa neno, nani angewajua?

Tena hofu tunazo za kutosha, hatuhitaji kuazima. Kila shule ina ile hadithi ya mwanamke mrembo ambaye ukiinama kuokota kalamu unaona ana kwato. Na kuna hofu zisizo na kwato. Sisi wa kutwa tukitoka jioni, ile njia ya nyuma ya soko haina taa, na wasichana wetu huipita wakiwa watatu watatu, mmoja akiangalia nyuma. Kuna Ijumaa asubuhi karani wa fedha akiingia darasani na orodha ya karo mkononi. Hamjaliona darasa zima likiacha kupumua? Hakuna muziki wa Hollywood unaoshinda ukimya huo. Hiyo ndiyo filamu yetu, na simu moja inatosha kuipiga.

Jambo la mwisho, nalo ni zito zaidi kwangu. Mwaka jana kuna msichana mmoja aliyesahau maneno jukwaani. Ukumbi ukaangua kicheko, na wengine wakamwiga kwa wiki nzima huko nje. Hajarudi chamani hadi leo, ilhali alikuwa na sauti ya kuufikia mstari wa nyuma bila kipaza sauti. Mimi sipingi kicheko. Makala yangu yote nimecheka. Ila kicheko kina namna mbili. Wale wanaojaza kumbi kuitazama Troll 2 hucheka, halafu mwisho husimama na kupiga makofi, na yule daktari wa meno akitokea humkumbatia. Hao wamecheka pamoja naye. Sisi tulimpa yule msichana kicheko, makofi tukamnyima. Ed Wood alishangiliwa akiwa kaburini. Yeye yuko darasani, anakaa karibu na dirisha, na bado hatujachelewa.

Kwa hivyo natoa ombi kwa chama na kwa walimu wetu walezi. Tutunge filamu yetu, hata kama itatikisika kama makaburi ya Wood. Aliyeanguka mwaka jana aitwe, apewe nafasi tena, na mara hii mchezo ukiisha ukumbi umpigie makofi kwanza. Tukichekwa ngazi ya chini, tutakuwa tumechekwa kwa kilicho chetu, na mwaka ujao tutajua pa kurekebisha. Kikao ni Jumatano baada ya gwaride la jioni. Kila mmoja na aje na hofu yake imeandikwa kwenye karatasi, ukurasa mmoja tu. Jogoo na jua wabaki nyumbani.

(Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3.)